Kona Hamsini na Saba

Ngonjera ile niliikariri nikiwa darasa la sita, Matamba, mwezi Juni, mwezi ambao kwetu mtu akisema jambo asubuhi mdomo unatoa moshi kama sufuria ya uji. Tulikuwa wanne. Mmoja alikuwa kijana mwema, wa pili mzazi, wa tatu daktari, na mimi nikapewa nafasi ya teja. Nilipakwa masizi usoni, nikavalishwa koti la mwalimu lililotoboka kiwiko, nikafundishwa kuyumba. Kila nilipoyumba watu walicheka. Ubeti wa mwisho ulinitaka nife. Nikaanguka kwenye majani yenye sakitu, na mwenyekiti wa kijiji akapiga makofi kuliko wote.

Ilikuwa tarehe 26, siku ambayo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliamua mwaka 1987 kwamba iwe siku ya dunia nzima ya kupiga vita dawa za kulevya. Sisi hatukuwa na habari za New York. Tulijua kwamba mgeni rasmi anakuja na kwamba kutakuwa na soda. Kati yetu sote pale uwanjani, walimu wakiwemo, sidhani kama kulikuwa na aliyewahi kuiona heroini kwa macho yake. Bangi tuliijua kwa harufu. Ulanzi tuliujua kwa sababu tulitumwa kuununua, na njiani tulionja mtogwa kisha tukafidia kwa maji ya kisimani. Wale waliocheka nilipoyumba walikuwa wanacheka kitu wanachokifahamu. Walimwona mlevi wa ulanzi, wakakubali kuambiwa kwamba ndiye teja.

Naisoma leo ngonjera ile kama kazi ya fasihi, maana ndivyo ilivyo, na pengine utanzu wake una wasikilizaji wengi kuliko riwaya zetu zote zikiwekwa pamoja. Ina kanuni zake. Teja anaingia jukwaani akiwa tayari anayumba. Hatujui alikuwa nani jana. Hana mama, ingawa yupo mzazi anayemlaani. Hana kazi aliyoiacha. Ana ubeti mmoja tu wa kwake, na ubeti huo ni wa majuto. Wengine wote wanazungumza juu yake kwa hadhira, naye amesimama hapo hapo, kana kwamba ameshageuka maiti kabla ya kufika mwisho wa shairi. Kifo chake hakimhuzunishi mtu. Ni kituo cha kupigia makofi.

Miaka kumi na mitatu baadaye mtoto wa baba mkubwa alirudi kutoka Dar es Salaam. Yeye ni kaka yangu, kwetu hatuna neno la kumsogeza mbali zaidi ya hapo. Aliondoka akiwa na miaka kumi na nane, akapanda roli la viazi kushuka Chimala, kisha basi, akaenda kumuuzia duka Mkinga mwenzetu Kariakoo kama wanavyoenda vijana wengi wa Makete. Miaka minne ya mwanzo alituma fedha. Ya tano alituma simu. Ya sita hakutuma kitu. Aliporudi alikuwa na mfuko mmoja wa plastiki, na kabla jua halijazama Matamba nzima ilishasema: teja karudi.

Nililala nyumba ile usiku tatu, nikimsaidia mama mkubwa. Nilichokiona hakikuwamo kwenye ngonjera. Kaka hakuyumba hata mara moja. Alikuwa amelala amejikunja, akitoka jasho katika baridi ile, kamasi zikimtiririka, ngozi imesimama vipele kama kuku aliyenyonyolewa. Alipiga miayo mfululizo, miayo mirefu ya kutisha, kama mtu aliyenyimwa usingizi mwaka mzima. Tumbo lilimwendesha. Miguu ilirusha mateke yenyewe. Arosto, ndivyo vijana wa mjini wanavyoiita, hali ya mwili kuidai heroini iliyozoea. Ngonjera yetu ilikosea hata dalili za ugonjwa iliodai kuufundisha. Mwandishi wake, yeyote alivyokuwa, hakuwahi kukaa chumba kimoja na mtu huyo. Alikuwa amekaa na methali.

Siku ya nne fedha za pareto za mama mkubwa hazikuonekana chini ya godoro. Sitaki kumpamba kaka. Alizichukua yeye, na alizichukua kwa mama aliyemkanda miguu siku tatu. Baba mdogo alikuja jikoni, akakaa karibu na moto, akasema neno moja: polisi. Mama mkubwa alikuwa anamenya viazi. Hakuinua uso. Alisema, "Shemeji, nikimpeleka polisi leo, kesho nitampelekea chakula wapi?"

Sentensi ile nimeizungusha kichwani miaka yote tangu hapo, nikiipima na maandishi makubwa yanayozungumzia jambo hilo hilo. Tuanze na sheria, kwa sababu sheria nayo ni maandishi, ina msimulizi na ina mhusika. Tanzania ilikuwa na sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1995. Ya sasa ni ya mwaka 2015, ikaongezewa makali mwaka 2017. Chombo kilichoundwa kinaitwa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Soma jina hilo polepole. Vitenzi viwili vya nguvu, na mtendwa ni dawa. Lakini dawa haikamatwi ikatiwa pingu. Anayetiwa pingu ni mtu, na mtu huyo hayumo kwenye jina. Sheria inahesabu kutumia kuwa kosa, siyo kuuza tu. Kwa biashara kubwa adhabu ni kifungo cha maisha. Kwa bangi, mtu aliyekutwa na kilo chache akahesabiwa kuwa msafirishaji anaweza kufungwa miaka 30, na wapo waliofungwa hivyo. Miaka thelathini ni mingi kuliko umri aliokuwa nao kaka aliporudi.

Wenzangu wa Dar wanakumbuka Februari 2017, mkuu wa mkoa aliposoma majina hadharani mbele ya kamera: wasanii, wanasiasa, mchungaji, wafanyabiashara, awamu baada ya awamu. Nililifuatilia kwenye simu kama mchezo wa kuigiza wa redio, sehemu ya kwanza, sehemu ya pili. Baadaye ndipo nilipoona kwamba ilikuwa ngonjera ile ile, bajeti ndiyo imeongezeka. Watu walioitwa hawakuwa na ubeti wa kwao. Sisi tulikuwa na makofi.

Ukiuliza ngonjera hii ilitungwa wapi, utapanda ngazi mpaka ufike kwenye mikataba. Mwaka 1925, Geneva, mjumbe wa Misri alisukuma bangi iingizwe kwenye mkataba wa kasumba, ikaingia. Tanganyika wakati huo ilikuwa mikononi mwa Mwingereza na hakuna aliyetuuliza. Mkataba mama tulionao sasa ulisainiwa New York tarehe 30 Machi 1961. Uhuru wetu ni tarehe 9 Desemba mwaka huo huo. Yaani tulizaliwa tukaukuta, una umri wa miezi minane. Utangulizi wake ni kipande cha ajabu cha uandishi. Unaanza kwa kujali afya na ustawi wa binadamu, ukakiri kwamba dawa hizi zina kazi isiyo na mbadala katika kutuliza maumivu, halafu ghafla unauita uraibu kuwa uovu. Daktari ameanza kuandika, mhubiri akampokonya kalamu katikati ya ukurasa. Sheria za nchi nyingi, zetu zikiwamo, zimenakili mwandiko wa yule wa pili.

Na mwandiko huo unabadilika ukivuka mpaka. Jani la miraa pale Meru, Kenya, ni zao la biashara, na tangu 2016 sheria ya mazao ya nchi hiyo inalitambua hivyo. Livushe Namanga, jina linageuka mirungi na wewe unageuka mhalifu. Kule kwetu Same kikosi kinapanda mlima kufyeka mashamba yake. Uganda walitunga sheria yao kali, Rais akaitia saini, na waliokwenda mahakamani kuipinga walikuwa wakulima na wachuuzi wa miraa wa Wakiso. Mei 2023 Mahakama ya Katiba ikaifuta. Usishangilie haraka: haikufutwa kwa kuwa inaumiza watu. Ilifutwa kwa sababu siku ya kuipitisha akidi ya wabunge haikutimia. Agosti mwaka huo Bunge likaipitisha tena. Ukisimama Ludewa, mkoani kwetu Njombe, ukatazama ng'ambo ya Ziwa Nyasa, unaitazama Malawi ambayo mwaka 2020 ilihalalisha kilimo cha bangi kwa ajili ya dawa na viwanda. Ziwa ni lile lile na upepo ni ule ule.

Upande wa pili kuna harakati za dunia za kutaka sera hizi ziwe na utu, na hapa ndipo ukosoaji wangu unapokuwa mgumu, kwa sababu hawa niko upande wao. Kampeni yao maarufu ilianza mwaka 2013 na hufanyika tarehe ile ile ya 26 Juni, kwa makusudi, kuikalia siku ya wenyewe. Inaitwa Support. Don't Punish. Afrika Mashariki wameipokea watu wanaotumia dawa wenyewe kupitia mitandao yao: TaNPUD hapa kwetu, KENPUD Kenya, UHRN Uganda. Nawaheshimu mno. Kusimama hadharani na kusema "mimi natumia" katika nchi ambayo kutumia ni kosa kunahitaji moyo ambao mimi sina.

Lakini jaribu kuitia kaulimbiu ile kwenye Kiswahili. Kiingereza kinakuruhusu kuamrisha bila kumtaja unayemwamrishia: saidia, usiadhibu, basi. Kiswahili kinagoma. Ukisema "Saidia, usiadhibu" msikilizaji anabaki anasubiri, kama umeacha mlango wazi wakati wa baridi. Usimwadhibu nani? Lugha yetu inataka kiambishi, inataka ile m ndogo iingie katikati ya kitenzi: msaidie, usimwadhibu. Na ile m ikishaingia, mtu ameingia. Hapo huwezi tena kusema habari za "dawa" kwa jumla. Unasema habari za kaka aliyelala amejikunja. Sijui kama ipo hoja ya kisarufi yenye uzito bungeni, ila kwangu hii ndiyo sababu kubwa ya kutaka mjadala huu ufanyike kwa Kiswahili na siyo kwa ripoti za Kiingereza zinazofika Dodoma na kuishia kwenye kabati.

Neno lao kuu nalo, kupunguza madhara, limekaa vizuri kuliko wanavyodhani. Katika semina hulitamka kwa woga, wakilizungushia maelezo, kama wanaomba radhi. Mkulima wa viazi wa Matamba hahitaji maelezo. Ukungu ukiingia shambani hang'oi shamba zima kuuonyesha ukungu kwamba yeye ana msimamo. Anapuliza dawa, anapalilia, anaokoa debe atakazookoa, na mwakani anapanda tena akijua ukungu upo.

Ninachokilalamikia zaidi ni kisanduku. Kila aliyewahi kusoma ripoti za mashirika haya anakijua: ukurasa wa kumi na kitu, rangi ya bluu hafifu, ndani yake hadithi ya mtu mmoja katika aya mbili, jina limebadilishwa. Alikuwa anatumia, akaiba, akafukuzwa nyumbani, akakutana na mradi, sasa ana bodaboda na mke amerudi. Sisemi ni uongo. Nasema ni ngonjera, imegeuzwa tu upande wa pili wa nguo. Ile ya shuleni ilimtaka teja afe ili tupige makofi, na hii inamtaka apone ili mfadhili apige makofi. Zote mbili hazina nafasi ya mtu ambaye bado anatumia, leo, na ana haki ya kutopigwa, leo. Na mhusika karibu siku zote ni kijana wa kiume wa mjini. Wanawake hawaonekani, ingawa tafiti za Dar es Salaam za miaka ya 2000 zilikuta kwamba kati ya wanawake waliokuwa wakijidunga, zaidi ya nusu ya waliopimwa walikuwa na VVU, wakiwazidi wanaume mbali sana.

Kuna andiko moja fupi ambalo nimelisoma mara nyingi. Mwaka 2005 mtafiti Sheryl McCurdy na wenzake waliandika barua katika jarida la kitabibu la BMJ kuhusu jambo walilolikuta Dar. Heroini nyeupe, inayoyeyuka kwa urahisi kwenye maji, ilikuwa imeshaingia mjini na watu wengi zaidi walikuwa wanajidunga. Baadhi ya wanawake, hasa waliojiuza, walipopata fedha ya kete walijidunga, kisha wakavuta damu yao ikajaa bomba la sindano, wakampa mwenzao asiye na fedha naye akajidunga damu hiyo, akiamini kwamba mabaki ya dawa yaliyomo yatamtuliza arosto. Kimatibabu ni balaa, hakuna njia fupi kuliko hiyo ya kuambukizana virusi. Lakini isome kama msomaji wa hadithi. Mtu hana kitu duniani isipokuwa damu yake, na anamgawia rafiki yake anayeteseka. Barua ile ni ya kitabibu, kavu, haina kivumishi cha huruma hata kimoja, na inanigusa kuliko visanduku vyote vya bluu, kwa sababu wanawake wale wanatenda. Wana akili, wana urafiki, wana uchumi wao wa shida. Ukishawaona hivyo, swali la sindano safi linakuja lenyewe bila kaulimbiu.

Sisi wa Makete tulipaswa kuwa walimu wa jambo hili. Utafiti wa kitaifa wa 2011 na 2012 ulikuta maambukizi ya VVU mkoani Njombe ni asilimia 14.8 ya watu wa miaka 15 hadi 49, wakati wastani wa nchi ulikuwa 5.1. Katika utafiti wa 2022 na 2023 bado tulikuwa juu ya mikoa yote, asilimia 12.7 kwa watu wazima. Nimekua nikihesabu misiba kama wengine wanavyohesabu mvua. Nakumbuka pia lugha yetu ya wakati ule. Mgonjwa alikuwa "amekanyaga waya", "ana ngoma". Tulimtengea kikombe. Mahubiri yalikuwa ya moto. Kisha, kuanzia 2004, dawa za ARV zikaanza kutolewa bure, na jambo la kushangaza likatokea katika sarufi: mtu akawa "mwathirika", baadaye "anayeishi na virusi", na leo zahanati inasema WAVIU bila mtu kukonyeza jicho. Wapo wanaosema maneno ndiyo yaliyofungua njia ya dawa. Kwa nilivyoona mimi ilikuwa kinyume. Dawa ilifika, watu wakainuka vitandani, wakarudi shambani na kwenye vikao vya kanisa, na jina la zamani likakosa mtu wa kumvaa. Ndiyo maana sina imani sana na warsha za kubadilisha neno "teja" kuwa "mtumiaji wa dawa". Leteni dawa karibu, neno litazeeka lenyewe.

Na dawa ipo. Methadoni ilianza kutolewa Muhimbili Februari 2011, kwa msaada mkubwa wa fedha za Marekani za PEPFAR, ikasambaa Mwananyamala, Temeke, Zanzibar, Mbeya, Mwanza, Dodoma. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2005. Ni dawa ya jamii moja na heroini, inanywewa kwenye kikombe, inatuliza arosto bila kulewesha mtu aliyepewa kipimo chake, na anayeinywa anaweza kufanya kazi. Baba mdogo alipoelezwa alisema huo ni ujinga, kumpa mlevi pombe nyingine. Mama mkubwa akamjibu kwa methali ambayo kila mtu anayo mdomoni: dawa ya moto ni moto. Nimewahi kumsikia mtaalamu akitumia dakika arobaini na projekta kueleza hicho hicho.

Ila kuna kitu ambacho wala sheria wala kampeni ya dunia haikioni, nacho ni barabara. Methadoni kwa kawaida hunywewa kila siku, mbele ya muuguzi. Kliniki ya karibu nasi iko Mbeya. Kutoka Matamba unashuka ukuta wa mlima kwenda Chimala kwa barabara tunayoiita Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake, kisha unashika barabara kuu ya Dar na Tunduma kuelekea Mbeya mjini, kama kilomita 80 hivi. Watalii wanaokwenda Kitulo kutazama maua huipiga picha. Mvua ikinyesha, magari hupanda kwa kuombewa. Hesabu basi: kona 57 kushuka, kona 57 kupanda, kila siku ya Mungu, kwa ajili ya kikombe kimoja. Ureno, ambayo kila ripoti inaitaja, iliacha kuwafunga watumiaji tarehe 1 Julai 2001. Anayekutwa na kiasi kisichozidi matumizi ya siku kumi hupelekwa kwenye kamati badala ya mahakama. Sawa kabisa. Lakini siku hiyo hiyo Ureno ilikuwa na hospitali na lami. Kwetu unaweza kuifuta adhabu yote kwenye vitabu na mlima ukabaki unaadhibu.

Kitu kingine kisichozungumzwa kwa sauti: aliyelipa ni nani. Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa siku tisini, na watu kama kaka, ambao hawajawahi kuomba viza, wakajikuta wanasikiliza habari za Washington kama wanavyosikiliza utabiri wa hali ya hewa. Mamlaka ile ile inayokamata ndiyo inayosimamia pia huduma za tiba. Nimejaribu kulifikiria jambo hilo kwa wema, na siku nyingine naliona kuwa hatua kubwa, kwamba serikali yenyewe imekubali kwamba huyu ni mgonjwa. Siku nyingine naona mkono mmoja umeshika kikombe, wa pili umeshika pingu, na mgonjwa anatakiwa aamini ule wa kulia.

Kikao cha jikoni kiliisha bila polisi. Mama mkubwa aliuza nguruwe wawili. Kaka akashuka na roli la viazi alfajiri, safari hii nikiwa naye, tukihesabu kona kwa sauti kama watoto. Alikosea kwenye thelathini na ngapi sijui, tukabishana mpaka Chimala. Alipanga chumba Mbeya ili awe karibu na kliniki. Asubuhi anakunywa kikombe chake, kisha anapakua magunia sokoni, viazi vya kwetu. Mara mbili aliacha, mara mbili alirudi. Kisanduku cha bluu kisingempokea.

Mwaka jana nilimwomba nimhoji kwa ajili ya makala hii. Alikataa. Alisema ushuhuda alishautoa mara tatu, kanisani mara mbili na kwenye warsha mara moja, na kila mara walimpa soda. Badala yake akaniuliza gunia la viazi limefika bei gani huko juu, akaniambia madalali wanamdanganya.

Juni hii mtoto wa dada yangu yuko darasa la sita, shule ile ile. Alinipigia kwa simu ya mama yake, amefurahi: amepewa nafasi ya teja, na mwalimu amesema atafute koti kuukuu. Nilikaa kimya kidogo, kisha nikampigia kaka, nikamwambia, nikidhani atakasirika. Alicheka mpaka akakohoa.

"Koti la nini, mdogo wangu?" alisema. "Mwambie achukue blanketi. Na ajifunze kupiga miayo."